Mwaka Mmoja Katika Nyumba ya Watu

Kijana wa Mombasa aliyelelewa vizuri hajitwalii chakula katika nyumba asiyoizoea. Akiulizwa kama ana njaa hujibu "la, nimeshiba", hata kama tumbo linanguruma, kwa sababu anajua ataulizwa mara ya pili na ya tatu, kisha sahani itawekwa tu mbele yake. Akizungumza na mtu mzima huinamisha macho. Akiudhika, hunyamaza. Sasa mpeleke Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, akae na familia isiyomjua, na adabu hizo zote zitasomwa kinyume. Akikataa chakula mara moja, hataulizwa tena. Akiinamisha macho, ataonekana ana jambo analolificha. Akinyamaza, wenyeji watadhani hawapendi. Naandika haya kwa vijana hao na wazazi wao, kwa sababu nyumba nyingi ambamo mwanafunzi na wenyeji wake hushindwana, kinachoziharibu ni kimya. Ubaya wa mtu huwa nadra.

Njia moja inayojulikana kwa wanafunzi wa sekondari ni mpango wa kubadilishana wanafunzi uitwao YES, ulioanzishwa na Bunge la Marekani mwaka 2002 baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ukihusishwa na maseneta Edward Kennedy na Richard Lugar. Unalenga nchi zenye jamii kubwa za Waislamu, na Kenya imekuwamo. Visa yake ni J-1, ile ya wanaokwenda kwa mipango ya kubadilishana. Kanuni za visa hiyo kwa wanafunzi wa sekondari mzazi anapaswa kuzijua kabla hajatia sahihi popote. Familia mwenyeji hailipwi, inajitolea. Kila mtu mzima wa nyumba hiyo, kuanzia miaka 18, huchunguzwa kama ana rekodi ya uhalifu, na nyumba hutembelewa kabla mtoto hajafika. Mwanafunzi lazima awe na kitanda chake mwenyewe, si godoro la kujazwa upepo wala kochi la kukunjuliwa, na chumbani anaweza kukaa na mtu mmoja tu wa jinsia yake. Yuko pia mratibu wa eneo, ambaye hapaswi kuishi zaidi ya maili 120 kutoka nyumba hiyo, yaani kama kilomita 193, na ambaye ni lazima awasiliane na mwanafunzi kila mwezi.

Hilo la kutolipwa ndilo la kumweleza mtoto mapema zaidi. Wapo wanaokwenda wakidhani wamelipiwa chumba, wakaanza kuhesabu kilichokosekana. Wale watu wamempa kitanda, chakula na nafasi kwenye gari lao kwa hiari yao, na wanachotarajia ni mtoto wa nyumbani.

Karatasi zianze mapema. Huku kwetu jina moja huandikwa Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Mohammed shuleni na Muhammad madrasa, na hakuna aliyejali mpaka siku ya visa. Yalinganisheni yote kabla ya kuomba pasipoti kwenye eCitizen. Usaili wa visa hufanyika ubalozini Nairobi, kwa hiyo safirini siku moja kabla. Treni ya SGR kutoka Miritini au basi la usiku vyote vinafika, ila basi likiharibika njiani Mtito Andei hakuna wa kukusogezea miadi.

Chanjo ndizo huwakamata wengi. Shule za Marekani huomba rekodi kamili, na kijitabu cha kliniki cha utotoni hakitoshi. Chanjo za kawaida za watoto Kenya hazina matubwitubwi wala tetekuwanga, na shule nyingi kule huzitaka zote mbili. Mara nyingi huzipati ila hospitali ya kulipia, na kwa umri huo kila moja hutolewa dozi mbili, angalau wiki 4 katikati. Anzeni miezi mitatu kabla ya safari. Jambo lingine ni kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, mkononi. Aliyechomwa BCG anaweza kuonekana ana dalili za kifua kikuu akipimwa kwa sindano ya ngozi, ilhali hana ugonjwa. Aombe kipimo cha damu, ambacho hakichanganywi na BCG, na abebe karatasi inayoonyesha alichomwa lini. Meno yatengenezwe hapa nyumbani. Bima ya J-1 ni lazima, na kiwango chake cha chini ni dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, lakini meno, miwani na maradhi ya zamani kwa kawaida huwa nje yake.

Sanduku lisijazwe nguo za baridi. Koti la kweli la theluji na viatu vyake hununuliwa kule, na ya mitumba yapo mengi kwa bei nafuu, tena wenyeji wanajua baridi ya mji wao inataka nini. Kutoka hapa inatosha sweta moja nzuri na jaketi la kushukia ndege. Nafasi iliyobaki wekeni bizari ya pilau, majani ya chai na zawadi: kanga, kikoi, mkeka mdogo. Kanga chagueni kwa jina lake, maana wenyeji watauliza limeandikwaje, na mafumbo ya ukewenza si zawadi ya kumpa mama mgeni. Nyama ya aina yoyote, matunda mabichi na mbegu vibaki nyumbani. Kila cha kuliwa kitajwe kwa afisa uwanjani. Kukitaja hakuna hasara, kukificha kuna faini. Anayepaka mafuta ya nazi ayatie kwenye kopo la mdomo mpana. Mafuta hayo huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, na yaliyokuwa maji kwenye chupa Mombasa yatakuwa nta nyeupe isiyotoka kamwe kwenye shingo nyembamba.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, na tuanze na bafu, maana huko ndiko familia hukasirika bila kusema. Mabafu yetu sakafu yake ni ya kumwagiwa maji. Yana mteremko na tundu la kutolea. Bafu la Marekani kwa kawaida halina tundu sakafuni. Maji yakimwagika huingia chini ya sakafu, na kama bafu liko ghorofani, wiki chache baadaye dari ya chini inatoka doa la kahawia. Pazia la bafu liingie ndani ya beseni la kuogea unapofungua maji, si nje. Udhu wa miguu uchukuliwe ndani ya beseni hilo. Kuinua mguu kwenye sinki kunamwaga maji, na sinki nyingine zimeshikwa na ukuta tu. Kwa kustanji, yaani kujisafisha kwa maji chooni, beba kopo dogo au chupa laini ya kubinya, uitunze kwenye kabati lako la bafuni, na siku ya kwanza umweleze mama mwenyeji ni ya nini. Ukishasema, haina ajabu. Isipoelezwa, itatupwa au itamwagiliwa maua. Maji ya moto nayo yana mwisho. Nyumba nyingi zina tangi la lita 150 hadi 190 hivi linalotumiwa na wote, kwa hivyo dakika 8 hadi 10 zatosha kuoga, na muulize ni saa ngapi asubuhi bafu liko wazi kwako.

Kanga mpya isiingie kwenye mashine ya watu. Rangi yake hutoka mara kadhaa za kwanza, na nyekundu moja yatosha kugeuza mashati meupe ya baba wa nyumba kuwa ya waridi. Zifueni hapa nyumbani kwa maji baridi na chumvi, mara mbili tatu, mpaka maji yawe safi, na kule zifuliwe peke yake bado. Sabuni ya mashine ni kidogo kuliko mkono uliozoea Omo unavyotaka. Ikizidi, nguo hutoka na utelezi na mashine hunuka. Mashine ya kukaushia ina chujio la kunasa vumbi la nyuzi. Lisafishwe kila baada ya kukausha, bila kukosa, kwa sababu vumbi hilo likijaa hushika moto. Buibui na abaya za kitambaa laini zisikaushwe kwa moto mkali. Tumia moto mdogo au tundika. Nguo za ndani, ambazo wasichana wetu wamezoea kuzifua kwa mkono bafuni na kuzianika kwa siri, huingia mashineni pamoja na nguo zako nyingine. Kuzitundika zichuruzike bafuni ndiko kunakoleta maneno.

Jikoni kuna makosa matatu ya kila mwaka. Mashine ya kuoshea vyombo ina sabuni yake. Ukitia ile ya kuoshea kwa mikono, povu litatoka mlangoni na kujaa sakafu. Mafuta ya kukaangia hayamwagwi kwenye sinki, huganda ndani ya bomba. Yaache yapoe kwenye kopo kisha yatupwe. La tatu ni king'ora cha moshi. Bhajia na viazi karai humwamsha mtaa mzima usipowasha feni ya juu ya jiko na kufungua dirisha. Udi ndio mbaya zaidi, maana huwashwa chumbani mlango ukiwa umefungwa. Pengine yumo mwenye pumu. Uliza kwanza, na jibu likiwa hapana, tosheka na mafuta ya manukato.

Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule hakuna atakayekupa jembe. Wanangoja ulichukue, na usipolichukua wanaanza kuvunjika moyo taratibu. Wiki ya kwanza uliza waziwazi: "Kazi zangu hapa nyumbani ni zipi, na zifanywe siku gani?" Kwa kawaida ni kutandika kitanda, kuosha bafu unalotumia, kuondoa vyombo mezani, kutoa pipa la taka barabarani siku ya lori, na wakati wa baridi kufagia theluji mlangoni. Wavulana wetu wengi hawajawahi kuosha sufuria, na wengine wamekulia kwenye nyumba yenye dada wa kazi. Mama mzazi amfundishe miezi mitatu kabla: kufua, kupiga deki, kupika vyakula vitatu, kushona kifungo. Hakuna zawadi bora ya safari kuliko hiyo.

Chakula kielezwe kabla ya kufika, kwenye barua ya kwanza, kwa sentensi zisizo na mzunguko: sili nguruwe, sinywi wala sili chenye pombe, nyama nala ya halali, samaki, mayai, maziwa, mboga na maharage nala vyote. Usiandike tu "nala halali", kwa sababu familia isiyojua itakwenda kununua kuku dukani kwa nia njema kabisa. Mambo yanayojificha ni jelatini ndani ya peremende na baadhi ya mtindi, vipande vya nyama ya nguruwe juu ya saladi na piza, na mafuta ya nguruwe ndani ya maharage ya kopo. Nenda nao dukani mara mbili tatu za mwanzo na usome vibandiko. Wakikuonyesha friji na kusema chukua chochote, wanamaanisha. Uliza tu ni vitu gani vimetengwa, kama chakula cha shule cha watoto, basi. Na ukiwa na njaa sema una njaa. Wengi wao hula chakula cha jioni saa 12, na hakuna kingine mpaka asubuhi, wala hakuna mtu wa kukugongea mlango akuulize umelala na nini.

Wapikie mapema, wiki ya pili au ya tatu. Wali wa nazi hauna shida: vikombe viwili vya mchele wa basmati uliorowekwa nusu saa, kopo moja la tui la mililita 400, kikombe kimoja na nusu cha maji, chumvi, moto mdogo na kifuniko kizito. Pilipili iwe pembeni. Kabla ya kutoa kashata za njugu, uliza kama yupo asiyepatana na njugu, nyumbani au darasani. Huku ni nadra kusikia, kule kuna watoto ambao kipande kimoja kinaweza kuwaua, na shule nyingine zimepiga marufuku kabisa.

Sala inawezekana, ikipangwa. Adhuhuri huangukia karibu na chakula cha mchana shuleni. Mshauri wa wanafunzi akiombwa hutafuta chumba tupu. Majimbo ya kaskazini mwezi wa Desemba alasiri huingia karibu na saa 8 mchana na magharibi karibu na saa 10 na nusu, kwa hiyo ukitoka shule saa 9 usizubae njiani. Ijumaa ni ngumu zaidi, inataka barua ya mzazi na msikiti wa karibu, na miji midogo haina. Ramadhani za miaka hii zinaangukia miezi ya baridi, ile ya 2027 mwezi wa Februari, na saa za kufunga hazizidi za Mombasa. Magharibi inakaribiana na chakula chao cha jioni, kwa hivyo waombe mkae meza moja. Daku iandaliwe usiku. Mwalimu wa michezo aarifiwe wiki moja kabla, asije akakusukuma mbio ukaanguka.

Mbwa wako ndani ya nyumba nyingi, na kwetu sisi Waislamu tunaofuata madhehebu ya Shafi jambo hilo lina uzito. Litajwe kwenye fomu ya maombi, hapo ndipo pake. Kama umeshapangiwa nyumba yenye mbwa, omba jambo moja tu, kwamba chumba chako kiwe kimefungwa na mbwa asiingie, na msala na nguo za sala zikae kabatini. Hilo hukubaliwa. Kumpiga teke mbwa wa watu ni kumpiga mtoto wao. Kijana Mkristo naye ajue kwamba huenda familia yake haiendi kanisani kabisa, au inakwenda kanisa lisilofanana na lake la Likoni au Changamwe. Halazimishwi kufuata, na akihitaji kupelekwa kwake aseme.

Baridi ina mambo yake. Kule wanahesabu kwa Farenhaiti: 32 ndipo maji huganda, sifuri ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri yetu. Nguo zivaliwe kwa tabaka, fulana ya kubana, sweta, kisha koti, na soksi zilizolowa zivuliwe mara moja. Ngozi na midomo hupasuka, paka mafuta ungali na unyevu wa kuoga. Giza huumiza kuliko baridi yenyewe. Aliyezoea jua kuzama baina ya saa 12 na saa 1 mwaka mzima anajikuta usiku umeingia kabla hajamaliza kazi za shule, na Novemba hadi Januari ndipo simu za vilio hufika Mombasa. Dawa iliyofanya kazi kwa wengi ni kuwa na shughuli baada ya masomo kila siku, kwaya, mpira wa ndani, lolote, aingie nyumbani amechoka.

Kuhusu simu, wazazi, tusikilizane. Chicago iko nyuma yetu saa 8, na saa 9 kuanzia Novemba hadi Machi. Mtoto akirudi shule saa 10 jioni wakati wa baridi, Mombasa ni saa 7 usiku. Mama anayekesha amsikie kila siku anamweka mwanawe chumbani kwenye simu katika saa zile zile ambazo familia iko jikoni ikizungumza, na lugha na urafiki hujengwa hapo hapo jikoni. Jumamosi saa 4 asubuhi kwake ni saa 1 usiku kwetu wakati huo wa baridi. Wekeni saa hiyo, labda na nyingine fupi katikati ya wiki. Na mtoto akilalamika, mama asimpigie mama mwenyeji kumshtaki. Amuulize mwanawe kwanza: "Mwanangu, umewaambia wenyewe?"

Maana kusema ndiko kugumu kuliko yote haya. Jambo likikukera, usilibebe zaidi ya siku tatu. Chagua wakati watu hawana haraka, mkiwa garini au baada ya kula, mtazame mtu usoni, na utaje kitu kimoja, kilichotokea, na unachoomba. "Jana nililala na baridi. Naomba blanketi la pili." Imekwisha. Hakuna haja ya kuanza na kuomba radhi mara nne wala kumtuma mdogo wao. Wakikukosoa nao, watasema hivyo hivyo kwa ufupi, na hawajakuvunjia heshima. Kuhusu kuwaita, uliza wanapenda uwaiteje. Ulimi ukikataa kumtaja mtu mzima kwa jina tupu, tanguliza "mama" au "baba", wengi hufurahi.

Isiposuluhika, mwambie mratibu, kwa maandishi, ukitaja siku na kilichotokea. Kuhamishiwa nyumba nyingine kupo, hufanyika kila mwaka, na si aibu wala kufeli. Lakini mtu akikugusa vibaya, akikutishia, akikunyima chakula au akishika pasipoti yako, hapo usingoje siku tatu wala mazungumzo. Nambari ya dharura ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kwa wanafunzi wa J-1 hutolewa kwenye karatasi za safari. Iandike kwenye simu na kwenye daftari, na polisi ni 911. Mzazi naye awe nayo.

Mwisho ni shule ya huku. Mwaka wa shule wa Marekani huanza Agosti au Septemba na kwisha Mei au Juni, kwa hiyo kijana hukosa muhula wa tatu na ule wa kwanza wa mwaka unaofuata, na hurudi katikati ya muhula wa pili. Alama za Marekani hazihesabiki kwenye mtihani wa taifa, na wengi hurudia darasa. Kubalianeni na mwalimu mkuu kabla ya kuondoka, kwa barua yenye muhuri, ataingia darasa gani na karo italipwaje. Na kule, rekodi za masomo ziombwe wiki mbili kabla ya shule kufungwa, zikiwa na sahihi na muhuri ndani ya bahasha iliyofungwa, nakala tatu. Ofisi nyingi za shule hazina mtu mwezi wa Julai, na kuzifuatilia kutoka Mombasa kwa barua pepe kunaweza kula miezi.